Pumzi ya Ukutani Hutafutwa Kabla ya Ukuta

Hotuba kwa waogeleaji, wazazi na walimu wa michezo, Mjini Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, walimu wa skuli mliokuja na vijana wenu, na nyinyi walinzi wa mabwawa ya hoteli mlioomba ruhusa kazini ili muwepo hapa: karibuni, na ahsanteni.

Hebu tufanye jambo moja hapo hapo mlipokaa. Vuteni pumzi ya kawaida, msijitutumue. Izuieni. Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Haya, pumueni. Nani kazidiwa? Hakuna. Bibi yule wa mbele anacheka kabisa. Mara ya pili sasa: toeni pumzi yote, mpaka tumbo liingie ndani, halafu msivute. Moja, mbili, tatu, nne... Naona wengine wameshavuta na tano sijaifikia. Kijana wa fulana ya bluu, wewe umevuta kwenye tatu, nimekuona.

Watu ni wale wale, viti ni vile vile. Mara ya kwanza mlianza na kifua kilichojaa, mara ya pili mlianza na kifua kitupu. Basi nusu ya malalamiko ninayoyasikia bwawani, "maalim, pumzi inanikatikia ukutani", yamo katika jaribio hilo.

Kwa wazazi ambao hawaujui mchezo huu niseme kwa ufupi. Mwogeleaji wa mtindo huru anapofika mwisho wa bwawa haushiki ukingo. Anapiga kichwangomba ndani ya maji, nyayo zinakita ukutani, anajisukuma na kurudi alikotoka. Sheria za World Aquatics, shirikisho ambalo mpaka mwishoni mwa 2022 tukiliita FINA, zinamruhusu mwogeleaji wa mtindo huru kugusa ukuta kwa kiungo chochote, ndiyo maana miguu inatosha. Mtindo wa chura na wa kipepeo haumo humo: huko lazima mikono miwili iguse pamoja, na kichwa hupata nafasi ya kutoka nje kuvuta hewa. Mtindo huru hauna nafasi hiyo. Ukiingia kwenye kichwangomba unaingia na hewa uliyonayo, na hutapata nyingine mpaka ukuta uwe umeuacha nyuma yako.

Ni muda gani huo? Tuhesabu. Mpigo wa mwisho wa mkono kabla ya ukuta, sekunde moja. Kupinduka, sekunde moja. Kujisukuma na kuteleza chini ya maji, mbili au tatu. Mpigo wa kwanza wa kuibuka, sekunde moja nyingine. Jumla tano au sita, tuseme saba kwa anayejifunza. Ni saba zile zile mlizozimaliza sasa hivi mkicheka. Ila nyinyi mlikuwa mmekaa. Mwogeleaji anafika pale moyo unamwenda mbio na misuli inadai, kwa hiyo saba zake ni nzito kuliko zenu. Na hazimjii mara moja tu. Mbio za mita 1500 katika bwawa la mita 25 zina kugeuka mara 59. Ukizidisha kwa sekunde sita unapata karibu dakika 6 za kuogelea bila hewa, zimekatwakatwa vipande. Mbio za mita 50 katika bwawa la Olimpiki, kwa upande wa pili, hazina kugeuka hata mara moja, kwa hiyo kijana anayeniambia anataka kuogelea kama wale wa mita 50, ambao hupumua mara chache sana au wasipumue kabisa, namwambia wale hawana tatizo lako.

Sasa, kile kitu kinachokubana kifuani ni nini? Wengi hudhani oksijeni imekwisha. Haijakwisha. Misuli ikifanya kazi huzalisha kabonidayoksaidi, na hiyo ikizidi katika damu, ubongo huamrisha: pumua! Kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kinaanza kurukaruka, koo linakaza, na mtu anaona kifo kimefika, wakati oksijeni ya kumtosha kwa sekunde hizo bado anayo. Dawa yake ni kuitoa hewa chafu mapema na mara kwa mara, yaani kupuliza majini muda wote uso ukiwa chini, ili kila unapogeuza kichwa kazi yako iwe kuvuta tu. Mtu anayezuia pumzi majini halafu akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa pamoja, huyo atapata kijiko cha hewa, na akifika ukutani ana deni la bwawa zima. Nasema wazi: anayelalamikia ukuta, mara nyingi ukuta hauna kosa. Mtazame katikati ya bwawa anapumua vipi.

Lakini kuna wale wanaopumua vizuri njia nzima na bado ukuta unawashinda. Hawa wana ugonjwa wa hesabu. Wamefundishwa kupumua kila mpigo wa tatu, kulia, kushoto, kulia, na wameishika hesabu ile kama aya. Ukuta haujui hesabu yako. Siku moja mpigo wako wa kupumua unaangukia mita mbili kabla ya ukuta, siku nyingine unaangukia juu ya ukuta wenyewe. Hapo mtu hufanya moja ya mambo mawili. Ama ananyanyua kichwa kupumua pale pale ukutani, miguu inazama, mwendo unakufa, na kichwangomba kinakuwa cha kujivuta. Ama anasamehe pumzi ile, akidhani ataipata baadaye, na anaingia chini na kifua kitupu.

Nahodha anayebisha, yaani anayegeuza jahazi dhidi ya upepo, hangoji jahazi lipoteze upepo ndipo aite watu kwenye kamba. Mabaharia wamekwishashika foromali, mti unaobeba tanga, kabla usukani haujapinda. Pumzi ya ukutani nayo huandaliwa hivyo. Katika bwawa la mashindano bendera zinatundikwa mita 5 kutoka ukutani. Zimewekwa kwa ajili ya wanaoogelea chali, lakini alama hiyo ni ya mtu yeyote mwenye macho. Na chini, ule mstari mweusi unaishia mita 2 kabla ya ukuta kwa kipande cha kukingama. Basi ukifika usawa wa bendera, hesabu yako ya tatu tatu ivunje. Sahau kulia au kushoto. Jiulize: nimebakisha mipigo mingapi? Mtu mzima kwa kawaida hubakisha mitatu au minne. Vuta pumzi yako nzuri kwenye mpigo wa pili kutoka mwisho, au wa tatu kutoka mwisho ukipenda. Mpigo wa mwisho kabisa kichwa kinabaki chini, macho chini, kidevu kinafuata kifua, na mwili unapinduka kwa kasi uliyokuja nayo.

Nawajua makocha wanaokataza kupumua popote ndani ya bendera. Kwa mwenye mbio za mita 100 sina ugomvi nao. Lakini mama anayeogelea alfajiri kwa ajili ya sukari na presha, na mzee wangu anayetaka kumaliza mita 600 zake kwa amani, kuwakataza pumzi kwa mita 5 ni kuwatafutia chuki na bwawa. Wapumue. Mpigo wa mwisho tu ndio ninaoukataza.

Tumefika kwenye kupinduka. Pale Forodhani tunao vijana wa makachu. Wanaruka kutoka ukingoni wakipiga samasoti hewani mara mbili, watalii wanapiga picha, na sote tunajivunia. Mlete kijana yule yule bwawani, mwambie apinduke chini ya maji: anaibuka anakohoa, macho mekundu, anashika pua. Mwili wake unajua kila kitu isipokuwa pua. Hewani hakuna kinachoingia. Majini, kichwa kikiwa chini miguu juu, tundu za pua zinatazama juu, hewa inatoka na maji yanaingia moja kwa moja. Kinachoyazuia ni hewa inayotoka puani bila kukatika mpaka uso utazame chini tena.

Na isitoke yote! Hapa ndipo lile jaribio la pili linapowapata watu. Mtu ameambiwa "toa hewa puani", anaipuliza kwa nguvu kama anayepenga kamasi, na kabla nyayo hazijagusa ukuta kifua ni kitupu. Sekunde tatu zilizobaki anazimaliza kwa hofu. Mimi huwafundisha kuvuma. Fumba mdomo, vuma kwa puani, mmmmm, kama mama anayembembeleza mtoto na maneno ameyasahau. Ukivuma, hewa inatoka nyembamba na kwa mpangilio, hutaweza kuimwaga. Watoto nawaambia wachague wimbo wowote wa taarabu, wauvume wakiwa wamepinduka, na wakifika ukutani wimbo uwe bado unaendelea. Unaweza kusimama pembeni ukawasikia. Aliyenyamaza, ujue maji yako njiani kuingia puani.

Anzeni mahali maji yanapofika kifuani, mbali na ukuta. Zama, vuma, ibuka. Kisha pinduka pale pale ukivuma, bila ukuta, mpaka pua iache kuwasha. Wiki nzima ya hili si hasara. Wenye haraka ya kupiga ukuta kwa miguu ndio wanaorudi kwangu baada ya miezi kuomba tuanze upya. Pua ikitulia, sogea kwenye bendera, vuta pumzi yako, piga mipigo yako mitatu, pinduka, acha nyayo ziguse, na usijisukume bado. Kujisukuma ni jambo la mwisho.

Na ukishajisukuma, subira. Ukitoka ukutani ndipo unapokwenda kwa kasi kuliko wakati wowote mwingine katika bwawa lile. Hakuna mkono unaoweza kukupa kasi ya msukumo wa miguu miwili. Kasi hiyo hukaa kwa aliyejinyoosha: mkono juu ya mkono, masikio katikati ya mikono, tumbo limekazwa, uvumaji umepungua kwa sababu sasa pua inatazama chini na unataka kubakisha hewa. Ukigeuza kichwa kutafuta hewa kwenye mpigo wa kwanza, bega linafunguka, nyonga inapinda, na kasi yote uliyoinunua ukutani umeimwaga. Mara nyingi pia hujaibuka sawasawa, kwa hiyo unachovuta ni maji. Mpigo wa kwanza kichwa chini. Wa pili, pumua. Mwenye uwezo asubiri wa tatu. Sheria inaruhusu kukaa chini mpaka mita 15 baada ya kugeuka, na vijana wakilisikia hilo wanataka wafike zote 15 kwa mateke ya pomboo, miguu miwili kwa pamoja, kama wale wa televisheni. Wale hawakuanza na 15. Ukiweza mita 4 au 5 ukatoka na utulivu, umepata zaidi ya aliyetoka kwenye 10 akitweta na kupumua hovyo bwawa zima linalofuata.

Mzee mmoja aliniuliza nje hapo, kabla hatujaingia, na aliuliza kwa adabu: mwanangu, kisiwa chetu kimezika watu wengi waliokufa maji, nyinyi mnafundishana vichwangomba vya bwawani? Hakuna hapa aliyesahau kuzama kwa meli ya MV Spice Islander Septemba 2011 wala ya MV Skagit Julai 2012, na sitasema hata kidogo kwamba kujua kugeuka bwawani kungewaokoa wale. Mungu awarehemu. Lakini mzee wangu, kinachomfanya mtoto apige mayowe mawimbi yakimpindua ni kichwa chini, pua imejaa na hajui juu ni wapi. Mtoto aliyezoea kupinduka akivuma anajua kuwa hali ile inapita baada ya sekunde chache. Ni sehemu ya elimu moja. Mwanzo wake ni kuelea, kama walivyofundishwa wasichana wa Skuli ya Kijini kule pwani ya Muyuni, ambao picha zao za 2016 zilizunguka dunia. Kichwangomba kinakuja nyuma sana ya kuelea, na mtoto asiyeelea simfundishi.

Hapa sasa nataka utulivu, hasa kutoka kwa vijana wa nyuma.

Kuna mtindo wa kushindana kukaa chini ya maji. Mnapumua haraka haraka mara ishirini, thelathini, halafu mnazama kuona nani atavuka bwawa bila kuibuka. Na wapo wanaoamini kuwa hayo ni mazoezi ya pumzi ya ukutani. Nimewaeleza kwamba kinachokuamrisha kupumua ni kabonidayoksaidi. Ukihema kwa pupa kabla ya kuzama, hukuongeza oksijeni ya maana; umeifukuza ile kabonidayoksaidi, umemnyamazisha mlinzi. Unaogelea chini ukijiona shujaa, hubanwi, husikii kitu. Oksijeni nayo inashuka. Inafika kiwango ambacho ubongo unazima, na unazima bila taarifa. Hakuna kukohoa wala kupiga mikono. Mtu analala chini ya maji, na wenzake walio juu wanadhani anavunja rekodi. Haihitaji kina, katika bwawa la kiunoni mtu huzirai na kufa vivyo hivyo. Na wanaokufa hivi mara nyingi ni waogeleaji hodari, kwa kuwa ndio wenye ubishi wa kuendelea. Kaka zetu wanaozamia pweza nao walisikie hili, maana desturi ya kuhema sana kabla ya kuzama ipo.

Kwa hiyo katika mazoezi yangu hakuna shindano la pumzi. Hakuna kuhema kwa pupa kabla ya kuzama. Mlinzi wa bwawa, ukiona mtu ametulia chini bila kusogea, usimpe nafasi ya kukushangaza, ingia. Bora akutukane kwa kumkatizia. Na mwogeleaji anayefika kwenye bendera akahisi hewa haitoshi, ashike ukuta, apumue, ageuke kwa mkono. Kugeuka kwa mkono si aibu. Sijui nani aliyewaambia vijana kuwa ni aibu.

Niseme kidogo juu ya mabwawa yetu. Mengi tunayoyapata ni ya hoteli, yamejengwa kwa ajili ya wageni wa kulala juani. Yana umbo la maharagwe, hayana mstari chini, hayana bendera, na pengine ukingo umechomoza ndani. Pima kina kwanza. Kanuni za mashindano hazishuki chini ya mita 1 popote, na mwanafunzi mwenye kichwangomba kikubwa anataka zaidi ya hapo. Ukuta wenye ngazi au ukingo uliochomoza, usipigie. Bendera tengeneza mwenyewe: kamba moja na vipande vya kanga kuukuu, vuka nayo bwawa mita 5 kutoka ukutani, omba ruhusa ya meneja. Na bwawa likiwa fupi, kumbuka kuta zinakuwa nyingi. Mita 600 katika bwawa la mita 15 ni kugeuka mara 39, katika la mita 25 ni mara 23. Anayeogelea bwawa fupi anahitaji nidhamu ya pumzi kuliko mwenye bwawa la Olimpiki, ingawa yeye ndiye anayejidharau. Kuta za baharini, gati na vikuta vya mawe, msizikaribie kwa miguu. Chaza waliogandama pale watawachana nyayo.

Dada zangu mnaoogelea kwa mavazi ya stara, nyinyi mna jambo lenu na makocha wengi hawaligusi. Blauzi pana hushika hewa, na mkipinduka inapanda mpaka usoni. Nguo mbichi ikikaa mdomoni wakati wa kuvuta pumzi, hofu inayokuja ni ya haki. Ifungeni ndani ya suruali au mshonewe kamba ya kiunoni, na kofia ibane kidevu bila kufika mdomoni. Jaribuni kupinduka nayo katika maji ya kifuani kabla hamjaenda nayo ukutani. Mkiona inawatatiza, fundi cherehani atawasaidia kuliko kocha.

Wenye pumu: dawa ya kuvuta iwe ukingoni, si ndani ya mkoba kabatini, na kocha ajue. Pumueni mapema zaidi kabla ya ukuta, mkibanwa siku hiyo geukeni kwa mkono tangu mwanzo.

Nimesema ya kutosha, na nimeona mikono mitatu imenyanyuka tangu nilipotaja pua. Tuanze na bibie wa mtandio wa kijani, kisha mwalimu aliye karibu na mlango.